Msituuzie pinboli za "kukarabatiwa" wakati ndani hamjagusa: nimepigwa kwenye Fireball ya 1972

Wakuu, leo nina hasira na sifichi.

Nipo Marekani. Nimenunua Fireball, ile pinboli (mashine ya mchezo wa kupiga mpira wa chuma) ya kampuni ya Bally ya 1972, kwa mtu aliyetangaza kwamba imekarabatiwa kila kitu. Wanaozijua mashine hizi wanaelewa kwa nini niliikimbilia. Aliyeibuni ni Ted Zale, Dave Christensen akachora lile jitu la moto kwenye kioo cha kichwani mwa mashine, na zilitengenezwa 3,815 tu. Katikati ya uwanja kuna sahani inayozunguka, mpira ukipita juu yake hujui utatupwa wapi. Kuna Odin na Wotan, majina mawili ya mungu yule yule wa kale wa Ulaya Kaskazini, ila kwenye mashine kila mmoja anafungia mpira wake. Ukiikomboa unacheza na mitatu kwa mpigo. Na humo ndani hakuna kompyuta! Ni rilei (swichi zinazoendeshwa na umeme), koili (waya uliosokotwa unaovuta kwa sumaku), mota na pointi (vyuma vinavyogusana kupitisha umeme) tu.

Sasa nimewasha, Odin kashika mpira, hauachii. Nikafungua. Rilei zote zimelowa mafuta ya kupuliza, yale ya kulegeza kutu. Jamani, pointi zinatoa cheche, na mafuta yale yanashika moto! Yasiposhika moto yananasa vumbi, mwisho pointi hazigusani. Nyingine kazisugua kwa msasa mpaka zimeliwa. Halafu fyuzi: kaweka kubwa kuliko iliyoandikwa pale pale pembeni. Pointi zilipogandana umeme ukapita mfululizo, koili ya Odin ikaungua, karatasi yake nyeusi tii. Fyuzi sahihi ingekatika, koili ingepona.

Kinachoniuma zaidi ni kioo. Rangi yake huchapwa upande wa nyuma, jirani na balbu, na joto la miaka yote hiyo limeibambua. Huyu bwana kachukua rangi nyekundu ya dukani akaziba mabaka. Koili nitanunua nyingine. Mkono wa Christensen nitaununua wapi?

Nimempigia, ananijibu "vitu vya zamani ndivyo vilivyo". Uongo mtupu! Mashine hizi zilikaa kwenye mabaa zikipigwa makofi kutwa, na mafundi walizitunza vizuri. Huku ni kuuziana mbuzi kwenye gunia.

Hela yangu nitaidai mpaka mwisho. Wakati huo huo, mwenye mchoro wa nyaya wa toleo hili anisaidie nakala, maana hata ule unaokaa ndani ya kabati kautupa.