Fielder, Malindi: rimu za 16 za Subaru, za 17, au nibaki na chuma zangu za 15?

Kijana wa Barani
Salamu kwenu. Gari ni Toyota Fielder ya 2008 (NZE141), rimu za chuma inchi 15, tairi 195/65R15 zimeisha kabisa. Naenda Mombasa mara mbili kwa wiki, na mwisho wa mwezi napanda Marafa kwa wakwe. Barabara yenyewe mnaijua.

Kuna jamaa Maweni anauza vitu vya mitumba, ameniwekea seti mbili pamoja na tairi zake. Za 16 zilizotoka kwa Subaru, tairi 205/55R16, Sh32,000. Za 17 nyeusi, zinang'aa vibaya sana, tairi 215/45R17, Sh38,000. Zote mashimo matano. Yeye anasema "matano ni matano, zinaingia". Au nimwache ninunue tairi mpya nne, chuma zangu zibaki? Nipeni akili.

Fundi wa Gede
Matano si matano, kijana. Gari yako ni 5x100, yaani duara linalopita katikati ya boliti zote tano lina upana wa mm 100. Kuna gari chungu nzima za Japani zenye 5x114.3, na kwa macho tu hutajua tofauti.

Beba rula. Kupata katikati ya tundu ni taabu, kwa hivyo pima ukingo wa kushoto wa tundu moja hadi ukingo wa kushoto wa tundu la jirani. Ukipata karibu mm 59, hiyo ni 100. Ukipata 67, hiyo ni 114.3, mrudishie rimu zake. Kisha zigeuze usome nyuma. Utakuta maandishi kama 16x6½JJ (inchi 16 kwenda juu, upana inchi 6½) na namba nyingine kando. Hiyo ya kando ndiyo ofseti, yaani mm ngapi kutoka katikati ya upana wa rimu hadi pale inapokalia gari, niletee.

Mokowe kwa Jeti
Mimi nawasoma tu. Sisi tukishavuka kuingia Lamu, punda hana ofseti wala hatafuti rula 😂

Kijana wa Barani
Nimerudi, mikono yote masizi. Za 16 zimetoka 59, nyuma zimeandikwa 16x6½JJ 48. Za 17 zimetoka 67! Jamaa hakuona haya, akasema kuna adapta ya chuma inafungwa katikati halafu mambo sawa. Rimu zangu za chuma zimeandikwa 15x6J 45.

Mama Teksi Watamu
Adapta nilizivaa mimi, mwanangu, kwa sababu ya urembo tu. Zangu zilikuwa na unene wa mm 20, basi kila gurudumu likatoka nje mm 20. Nikiwa peke yangu, raha. Nikibeba watalii wanne na masanduku, tairi za nyuma zinakwaruza fenda kila tuta. Na sasa nati ni seti mbili kila gurudumu, na zile za ndani huzioni mpaka uvue rimu. Fundi aliyezifunga hakuzirudia kukaza hata siku moja. Nilikuja kuzikuta mbili zimelegea siku ya pancha, nikakaa chini pale pale barabarani.

Halafu hiyo 215/45. Piga hesabu ya mpira ulio kati ya rimu na jiwe, asilimia 45 ya 215: mm 97. Yako ya sasa ina mm 127. Kwa Marafa utarudi na tairi lenye nundu ubavuni na rimu iliyopinda. Wakwe watakupa pole, lakini rimu hawatakulipia.

Hesabu za Ngomeni
Za 17 tumezizika, tuzungumze 16. Kimo cha gurudumu zima: 195/65R15 ni mm 634.5, 205/55R16 ni mm 631.9. Tofauti haifiki hata nusu ya asilimia moja, spidomita haitajua kitu. Uzito ambao tairi linaweza kubeba pia ni sawa, saizi hizi mbili kwa kawaida huandikwa 91, yaani kilo 615 kwa tairi moja. Lakini soma ubavuni uhakikishe.

Ofseti ndiyo ya kuangalia. Rimu imepanuka nusu inchi na ofseti imepanda kutoka 45 hadi 48. Ukingo wa ndani utasogea karibu mm 9 kuelekea shokapu, wa nje utatoka kama mm 3 tu. Kwa hivyo wewe usihangaike na fenda, chungulia ndani.

Shella Premio
Mnamtisha bure. Mimi nina rimu za Subaru kwenye Premio mwaka wa pili huu, nimefunga nikaenda. Hakuna cha rula wala hesabu.

Fundi wa Gede
@Shella Premio na ukifika 90 pale baada ya Kilifi, usukani hautetemeki? Sema ukweli.

Tundu la katikati la rimu za Subaru ni mm 56.1, habu ya Toyota hizi, yaani kitovu cha gari kinachoingia kwenye tundu hilo, ni 54.1. Rimu inaingia, ndiyo, lakini inacheza. Haikai katikati kwa habu, inakaa pale nati zitakapoivuta. Dawa ni ringi ya plastiki ya 56.1 kwa 54.1, kitu kidogo tu. (Kinyume chake haiwezekani: rimu ya Toyota kwa Subaru inagoma kuingia.)

La nati ndilo watu wengi wanaponea tundu la sindano. Rimu za alumini za Toyota zenyewe hutumia nati bapa yenye washa. Rimu za Subaru zinataka nati yenye koni. Kijana ana bahati, nati za rimu za chuma ni za koni tayari. Asichukue za Subaru, nafasi kati ya nyuzi zake ni mm 1.25 na za boliti za Toyota ni 1.5. Ukilazimisha kwa spana ndefu unaua boliti.

Shella Premio
Unatetemeka kidogo. Nilidhani ni balansi 😅 Hizo ringi zinapatikana wapi?

Mama Teksi Watamu
Kijana, na umri wa tairi umeuliza? Tafuta DOT ubavuni, namba nne za mwisho: wiki na mwaka. Jua letu hili na chumvi hukausha mpira hata kama meno yamesimama. Pia chungulia pale tairi linapokalia rimu, alumini ikishaliwa na chumvi utajaza upepo kila asubuhi.

Kijana wa Barani
Nimemlazimisha jamaa tujaribu. Tumefunga moja mbele, usukani nikaukata mpaka mwisho kulia na kushoto: kati ya tairi na shokapu kidole changu cha shahada kinapita. Nyuma tumewakalisha vijana watatu wazito, haikugusa. DOT: mbili ni 2221, moja 0920, na ya nne, aliyokuwa ameigeuzia ukutani, ni 3113! Nikamwambia hiyo avue abaki nayo. Tumefika Sh25,000, rimu nne na tairi tatu. Ya nne nitanunua mpya.

Hesabu za Ngomeni
Nunua mbili mpya zifungwe ekseli moja. Hiyo 0920 iweke akiba.

Kijana wa Barani
Sawa. Ringi nne zimefika leo na matatu ya Mombasa, moja nimeshaijaribu kwa rimu, inaingia kwa kusukumwa na kiganja. Fundi, kesho uko?

Fundi wa Gede
Niko baada ya Adhuhuri. Njoo na nati zako za zamani, zote 20.