"Quite" maana yake kiasi au kabisa?

Mtafsiri mpya: Jamani habari zenu, naomba msaada hili neno quite linanivuruga. Nafanya kazi za tafsiri mtandaoni, juzi nikamtumia kazi mteja wangu yuko Uingereza akajibu "it's quite good", nikafurahi maana shuleni tuliandikiwa quite ni sana. Kesho yake faili limerudi kurasa tatu nzima mistari myekundu. Sasa alinisifia au vipi?

Mama Zai: Pole mdogo wangu. Muingereza akisema quite good mara nyingi ni nzuri kiasi, inapita ila bado. Mmarekani akisema maneno hayohayo kakusifia kweli, nzuri sana. Halafu kwa Muingereza sikiliza na sauti, akikazia hiyo quite ujue kuna "lakini" iko njiani, akikazia good afadhali. Kwenye imeili sasa sauti utaisikia wapi.

Ticha wa jioni: Mama Zai yuko sahihi ila muangalie na neno linalofuata. Good, tired, hot, hizo zina viwango, kidogo au sana, ndo maana quite inakuwa kiasi. Ila dead au impossible hazina nusu, hapo quite ni kabisa, hakuna mtu anakufa kiasi. Na hii ya kabisa ndo maana ya zamani, neno limetoka Kifaransa cha kale kwenye kuachiwa huru au kumaliza deni, ni ndugu na quit. Hiyo ya kiasi imekuja baadaye sana. Ukiona "not quite" basi ni bado kidogo, haijafika.

Kaka wa mapokezi: Mi iliniumiza "quite a few". Nipo hotelini bosi akapiga simu kwa Kiingereza, quite a few guests wanakuja chakula cha mchana, nikasikia few nikaandaa meza mbili, mara basi linasimama getini limejaa! Few ni wachache, quite a few ni wengi tu, shikeni hiyo.

Mtafsiri mpya: Asanteni sana aisee. Sasa leo kaniandikia tena, aya ya mwisho ni "quite perfect", hapo je?

Ticha wa jioni: Perfect haina nusu. Hiyo aya usiiguse.