Tupeane uzoefu: shanga ulizobadilishana na wenzio, ulizitungia nini?

ushanga_mmoja (Dar)

Habari za saa hizi wapendwa. Leo naomba tupeane uzoefu wa kubadilishana shanga. Wengi wetu tunatunga lakini maongezi yetu yanaishia kwenye kuuza tu, hili la kubadilishana hatuligusi, na kwangu mimi ndilo lililonifundisha kazi kuliko kitu kingine chochote.

Nianze mimi. Mwaka juzi nilipata oda ya bangili 40 za kitchen pati, rangi ya machungwa, nikaenda Kariakoo nikabeba mashada ya kutosha, wiki hiyohiyo kamati ikabadilisha rangi. Pesa yangu yote ikalala kwenye kopo. Kuna dada mmoja wa Arusha tulikuwa tunasalimiana tu kwenye simu, nikamweleza shida yangu akaniambia dada yangu hizo za machungwa ndizo nazitafuta huku, mimi nina buluu imenizidi. Tukapatana nusu kilo kwa nusu kilo, mzigo ukapanda basi la asubuhi, usiku nikaenda kuupokea stendi ya Magufuli. Zimejazwa kwenye chupa ya maji, kizibo kimezungushiwa selotepu mara tatu.

Nilipofika nyumbani sikuoga wala nini, nikatandika kipande cha blanketi nikazimwaga. (Kama bado unatumia sahani achana nayo, kwenye blanketi shanga inatulia inapoangukia.) Nikakaa hadi saa sita usiku nazichambua kwa ncha ya sindano. Buluu ile haikuwa moja, kulikuwa na iliyoiva kama bahari ya mbali, kuna iliyofifia kidogo, na katikati zimechanganyika chache za kijani, kama 30 hivi, nadhani zilibaki kwenye chupa kutoka kazi nyingine ya yule dada. Zile za kijani sikuzitoa. Nilitunga mkufu wa nyuzi tano nikawa naitupia moja moja kila inapotokea, bila kuhesabu, na ule mkufu ndio watu wameuulizia kuliko yote niliyowahi kutengeneza. Mimi mwenyewe nisingenunua kijani kile hata siku moja.

Ila kuna somo nililipata kwa uchungu. Kabla ya hapo nilibadilishana na mtu shanga nyekundu nzuri mno, nikamtungia mteja kidani cha send-off, gauni lake la rangi ya maziwa. Ukumbini joto, jasho, pafyumu, kufika saa nne usiku shingo na kola yote ina rangi ya waridi. Nililipa dobi, nikarudisha hela, nikalia. Siku hizi kila shanga inayoingia kwangu nachukua kumi nazilaza kwenye maji ya uvuguvugu juu ya kitambaa cheupe hadi asubuhi, nyingine tano nazisugua kwa pamba yenye asetoni ile ya kutolea rangi ya kucha. Ikichuja simchukii aliyenipa, ila namwambia, na mimi sitampa mtu mwingine bila kusema.

Haya na nyie, mlibadilishana nini na kikatoka nini?

nyuzi_saba (Arusha)

Dada mimi ndiye wa zile buluu 😊 na kijani zile zilitoka kwenye kazi ya mama mkwe.

Niseme upande wangu. Mimi nimeolewa Umasaini na mama mkwe anatunga tangu binti, nilipomwonyesha machungwa zako akafurahi sana maana kwake buluu peke yake imelala, lazima kitu kiiamshe. Alinifundisha nisiache rangi mbili nzito zikae pamoja bila nyeupe katikati. Nikimuuliza kwa nini ananiambia nyeupe ni maziwa, buluu ni mbingu inayoleta mvua, nyekundu ni damu ya ng'ombe, sasa wewe ukiweka mbingu na damu bila maziwa watu watakula nini. Sijawahi kusahau.

Lakini ninachotaka kuwaambia wenzangu ni saizi jamani. Zile zako zilikuwa za China na zangu nyingi ni za Cheki, zote tunaziita namba 11, zote tunasema milimita mbili, ukiziweka kiganjani huoni tofauti. Nikaanza bangili pana ya waya nikachanganya, mistari ya kwanza ikakaa vizuri, kufika katikati bangili ikaanza kupinda upande mmoja, nikavuta waya nikidhani ni mkono wangu, ikazidi. Mama mkwe akaiangalia akaikata kwa kisu mbele yangu. Ukifikiria ni hesabu ndogo tu, tofauti ya sehemu moja ya kumi ya milimita ukiirudia kwenye shanga 100 ni sentimita nzima, itakaaje sawa? Kwa hiyo sasa za kubadilishana nazitumia kwenye mikufu ya kuning'inia ambako haidhuru, za kazi ya kubana nanunua shada moja mwanzo mwisho. Au nazitenga, mstari mzima wa huku, mstari mzima wa kule.

Na tundu pia! Kazi ya kushona uzi unapita kwenye ushanga mmoja mara mbili hadi tatu. Pitisha sindano kwanza, ikikwama usilazimishe, kioo kinapasuka na kipande chake kinakata uzi taratibu, bangili inakuja kukatikia kwa mteja.

kikuku_cha_pwani (Mombasa)

Assalaam aleykum mashoga zangu. Yangu si ya biashara.

Nyanya yangu alipofariki aliwacha shanga zake za kiunoni, nyuzi kumi na moja, nyingine ni za zamani sana, nyeupe za maziwa zenye kutoboka tundu kubwa. Wajukuu tukagawana. Mimi wakati huo ndio naanza kazi, nikaona nyeupe hizi hazina mng'aro, kuna shoga yangu alikuwa na za Cheki zenye fedha ndani zinawaka kama taa, nikambadilishia uzi mmoja mzima wa nyanya. Yeye alifurahi, nami nilifurahi, nikatunga vipuli nikauza vyote Idi.

Mwaka ukapita. Mama akaniuliza ziko wapi, nataka kuzishika tu. Wallahi sikuwa na jibu. Nikampigia shoga yangu natetemeka, nikidhani keshauza. Akanambia sijauza hata moja, kila nikizishika naona kama zina mtu. Alikuwa ameanza kuzitungia kikuku, akanikabidhi kilivyo, na nusu ya shanga hazijatungwa zimefungwa kwenye kitambaa. Nilipotaka kumrudishia zake nilikuwa sina tena, nikampa za lulu za maji baridi akakataa, mwisho akakubali nimfundishe kufunga loki.

Kile kikuku sijakimalizia mimi. Mama anakivaa vile vile, upande mmoja kazi ya mkono wa shoga yangu, upande mwengine uzi umeachwa mrefu.

mfupa_na_shaba (Nairobi)

Pole dada wa Mombasa, hiyo yako imenigusa sana.

Mimi ni kijana wa kiume, hii kazi nimejifunza kwa karakana ya mjomba Kibera, tunatengeneza shanga za mfupa wa ng'ombe na za shaba. Shaba yenyewe tunaitoa kwa kufuli nzee na mifereji iliyoharibika, tunayeyusha tunamwaga kwa kalibu. Swali langu lilikuwa kila saa ni hili, tunabadilishana kwa kipimo gani? Nilianza na uzito kama nyinyi. Gramu 100 ya shaba yangu ni shanga kama 30, na nimekaa na moto siku nzima. Gramu 100 ya kioo namba 11 ni kama shanga elfu kumi na moja, maana gramu moja inabeba kama 110. Sasa hapo nani amepunjwa? Mwingine ataona ni mimi, mwingine ataona ni yule mwenye kioo alinunua kwa pesa taslimu.

Tuliongea na dada mmoja tukakubaliana hivi, kila mtu ataje bei ambayo angemuuzia mteja wa kawaida, halafu tunabadilishana bei kwa bei. Hatujawahi kugombana tena. Kwa mfupa kuna kitu moja ningeomba mniambie mkipokea: kama utausugua tena upate umbo lingine, funika pua na mdomo, ule unga ni mbaya kwa kifua. Na usiuloweke majini, unapasuka.

Shaba yangu ilienda mbali. Kuna mwenye alinipa shanga tano za udongo za Kazuri, ile karakana ya Karen hapa Nairobi ilianza 1975, zimepakwa rangi na kuchomwa zinang'aa hadi raha. Niliziweka katikati ya shaba, mbili huku mbili huku moja chini. Hiyo niliwekea mamangu, siuzi.

karatasi_tu (Bukoba)

Mimi nabadilishana na mama mmoja wa Kampala, ananipa shanga za karatasi, mimi nampa za kifuu cha nazi ambazo naletewa kutoka Tanga. Zile za karatasi anakata kalenda za zamani pembetatu ndefu nyembamba, anaviringisha kwenye sindano kuanzia upande mpana, gundi mwishoni, halafu vanishi. Mzigo wa kwanza ulikuwa haujapigwa vanishi ya kutosha, huku kwetu mvua haina msimu, mkufu ukavimba kama tambi. Nikamwambia ukweli, akakiri kuwa aliharakisha, sasa anapiga mikono mitatu na kuzianika kila mkono. Unajua unavyoishika ya kalenda unakuta kipande cha tarehe kimebaki, "14" au "Machi". Wateja wanazitafuta zenye tarehe zao za kuzaliwa.

mzaliwa_wa_unguja (Muscat)

Nami nipo huku Oman, asili yetu Unguja. Hapa Soko la Mutrah wanauza fedha za kizamani, shanga za fedha zilizofumwa na riali za Maria Theresa, zile sarafu kubwa za fedha, zilizotiwa kishikio. Nilimtumia dada yangu mmoja wa Lamu moja yenye kishikio na shanga sita za fedha, yeye akanitumia marijani na mpingo uliochongwa. Akaniuliza hii riali ni ya 1780 kweli? Nikamwambia mwaka huo umeandikwa kwenye zote, ziliendelea kupigwa miaka mingi baadaye kwa tarehe ileile, kwa hiyo usimuuzie mtu kwa bei ya karne hiyo. Naomba hili tuliheshimu, ukibadilishana kitu cha zamani sema unachokijua tu. Kidani alichotunga kina mpingo mweusi na fedha, amekivaa harusi ya mwanawe.

pwani_ya_zamani (Bagamoyo)

Nichangie kwa ufupi. Niliwahi kuletewa na mvuvi kiganja cha shanga ndogo za kioo, nyekundu ya matofali na njano, kaziokota ufukweni karibu na magofu, akataka tubadilishane na hereni za mkewe. Nzuri kuliko zote nilizowahi kuona. Sikuzichukua. Hivyo ni vitu vya kale, vinalindwa kwa sheria ya 1964, na zaidi ya sheria ni kwamba ushanga ukishaondoka pale ulipolala hakuna atakayejua tena ulikuja na jahazi gani. Nilimwomba akaziripoti ofisi ya mambo ya kale, mkewe nikamtengenezea hereni bure.

Na mnajua, misafara ya karne ya 19 iliyotokea hapa Bagamoyo ilikuwa inabeba shanga kama fedha ya kununulia chakula njiani, zile nyekundu waliziita samsam. Tatizo lao lilikuwa ndilo la mleta mada: rangi inayopendwa mji huu, mji unaofuata hawaitaki, mtu anabaki na mzigo mzima begani.

ushanga_mmoja (Dar)

Wapendwa nimesoma zote na nyingine nimemsomea mama kwa sauti. Shoga wa Mombasa, umeniliza.

Kaka wa Nairobi, hiyo ya bei kwa bei naichukua kuanzia leo.

Nisisahau jambo moja la hatari. Kuna mtu kanitumia kwenye mzigo mbegu nyekundu zenye doa jeusi, zile wengine wanaziita macho ya tipitipi. Zinavutia sana lakini ndani zina sumu kali, mtoto akiitafuna mbegu iliyotobolewa ni hatari ya kufa. Msizitoboe, msizitungie bangili za watoto, na kwenye mizigo ya kubadilishana tafadhali msiziweke kabisa. Zangu nimezichimbia shimo.

Kwa sasa nina nyeusi namba 8, gramu 200, za Cheki, hazichuji, nimezilaza siku mbili na asetoni nimepitisha. Natafuta kijani kama zile 30 za mama mkwe wa Arusha. Nyuzi_saba, muulize kama zimebaki hata kidogo, na umwambie shikamoo.