Mashine ya oksijeni au mtungi kwa mzee wa nyumbani: hapa Mombasa mwachagua nini?

BintiTudor
Assalam aleikum jamani. Mamangu ana miaka 74, mapafu yake yamechakaa (ni ule ugonjwa madaktari wauita COPD, kwake umetokana na moshi wa kuni na makaa wa miaka mingi). Anaruhusiwa kutoka hospitali wiki hii na daktari ameandika oksijeni ya lita 2 kwa dakika, angalau saa 15 kwa siku, usiku wote ukiwemo. Twakaa ghorofa ya tatu, hakuna lifti.

Nimewekewa njia tatu mbele yangu: kukodi mitungi na kujaza, kununua mashine ya lita 5 kwa dakika inayotengeneza oksijeni kutoka hewani, au kuna mtu mtandaoni anauza mashine ndogo "ya lita 1 hadi 7" kwa bei ya chini sana. Ndugu zangu kila mmoja ana lake. Nataka kusikia kwa waliouguza mzee nyumbani, si kwa wauzaji.

KakaLikoni
Waaleikum salaam dada, Mungu amjaalie mama shifaa. Sisi tulimuuguza baba kwa mitungi na bado nasema mtungi una heshima yake. Haupigi kelele, hautaki stima, na gesi yake ni karibu asilimia 99 safi. Mzee analala bila mngurumo chumbani.

Lakini fanya hesabu kabla hujakodi. Mtungi mkubwa kabisa, ule wa J, unashika lita 6,800. Kwa lita 2 kwa dakika, saa 15 kwa siku, mama anatumia lita 1,800 kila siku. Yaani mtungi haumalizi siku ya nne. Ule wa F una lita 1,360, huo ni saa 11 na dakika kidogo, usiku mmoja tu. Mdogo wa E, lita 680, hauzidi saa 6.

Na mtungi wa J ukijaa unapita kilo 70. Ngazi za ghorofa tatu ni hamali wawili kila safari, na kila safari ina malipo yake. Sisi tulikuwa ng'ambo hii ya kivuko na tunakojazia ni kisiwani, kwa hiyo foleni ya feri ilikuwa sehemu ya matibabu ya baba. Mkiwa Tudor mko afadhali. Ulizia kama wanakuletea mlangoni, na ulizia Jumapili na siku za Idi wako wazi au vipi.

UmmuKisauni
Mashine, dada. Kwa saa 15 kila siku usijitese na mitungi. Mimi nina mavyaa wangu yuko kwenye mashine ya lita 5 na maisha yake yamerudi kidogo, anakaa barazani na mrija mrefu, anaongea na wapita njia.

Ila jua mambo matatu ambayo muuzaji hasemi. Kwanza stima. Mashine ya lita 5 inakula kama wati 350. Saa 15 ni zaidi ya yuniti 5 kwa siku, ukiiwasha mchana kutwa na usiku kucha ni yuniti 8 na pointi. Zidisha mwezi mzima ujue tokeni utanunua za kiasi gani, tena uamue mapema nani katika ndugu analipa, kwa sababu hapo ndipo maneno huanza. Pili joto. Inatoa hewa moto, na chumba cha Mombasa mwezi wa pili hakihitaji kuongezewa. Tatu kelele. Sisi tumeiweka ukumbini na mrija unaingia chumbani, ila uulize wauzaji urefu unaoruhusiwa kwa mashine yako, nyingi zinaishia mita 15. Mrija upitishwe kando ya ukuta, usikatize njia ya choo, mzee ataukanyaga usiku.

Fundi_wa_Vifaa
Natengeneza vifaa vya hospitali, nimefungua mashine hizi nyingi hapa Pwani. Nianze na ile ya lita 1 hadi 7, kwa sababu ndiyo inayonitia hofu.

Hewa tunayovuta ina naitrojeni asilimia 78 na oksijeni 21 hivi. Ndani ya mashine kuna mapipa mawili yenye chembe za zeolaiti. Hewa inasukumwa humo kwa presha, zeolaiti inakamata naitrojeni, oksijeni inapita. Pipa moja likijaa linapumua nje naitrojeni yake (ule mlio wa "pshh" unaousikia) huku la pili likifanya kazi. Mashine halisi ya lita 5 inatakiwa itoe oksijeni ya asilimia 90 hadi 96 hata ukiiweka kwenye 5. Nyingi katika hizi ndogo za bei rahisi hutoa asilimia 90 ukiwa kwenye lita 1 peke yake. Ukipandisha, hewa inaongezeka lakini oksijeni inashuka, na ukifika 7 unaweza kukuta asilimia 30 tu au zaidi kidogo. Hiyo ni karibu na hewa ya dirishani. Mama aliyeandikiwa lita 2 hatapata lita 2 za dawa yake.

Muuzaji atakutumbukizia mrija ndani ya glasi ya maji akuoneshe mapovu. Mapovu yanathibitisha kuwa hewa inatoka, basi. Dai ipimwe kwa kipima usafi cha oksijeni, mbele yako, ikiwa imewaka kwa nusu saa na iko kwenye lita zile zile alizoandika daktari. Asiyekubali, mwache.

Ya pili, mashine zilizotumika. Angalia mita ya saa iliyo mgongoni au kwenye kioo. Na usidhani yenye saa chache ndiyo bora. Unyevu wa Pwani ni adui wa zeolaiti. Mashine iliyonunuliwa wakati wa Korona ikakaa stoo bila kuwashwa inaweza kuwa imekufa ndani hali nje yang'aa. Iliyofanya kazi kila siku na kubadilishwa filta mara nyingi ni nzima kuliko hiyo.

Nyumbani: iwe mbali na ukuta na pazia, walau sentimita 30. Filta ya nje ya sponji oshwa kwa maji na sabuni kila wiki, ikauke kabisa kabla ya kurudishwa. Kwa nyumba iliyo karibu na bahari au barabara ya vumbi, angalia hata kabla ya wiki. Na tafadhali, msiifunike leso ili isipate vumbi. Nimeletewa zilizoungua kwa sababu hiyo.

Stima yetu hupanda na kushuka, kwa hiyo weka stabilaiza inayobeba mzigo huo bila kuhema. Isichomekwe kwenye ekstensheni moja na friji.

SistaMstaafu
BintiTudor mwanangu, pole kwa kuuguza. Nilikuwa muuguzi wodini miaka mingi, na haya ningemwambia kila jamaa anayetoka na oksijeni.

Lita alizoandika daktari ni kipimo cha dawa. Wagonjwa wa mapafu kama mama, wengi wao hulengwa wakae kati ya asilimia 88 na 92 kwenye kile kipimo cha kidoleni kinachosoma oksijeni ya damu. Ukiona 90 usiogope ukapandisha hadi 4 ili usome 98. Kwa mgonjwa wa aina hii oksijeni nyingi inaweza kusababisha hewa chafu ijikusanye mwilini, akaanza kusinzia sinzia, kuumwa kichwa asubuhi, kuchanganyikiwa. Ukimwona hivyo, piga simu, mpeleke. Uliza daktari akuandikie kwa kalamu namba anazozitaka kwa mama yako, ubandike ukutani.

Kipimo chenyewe hudanganyika. Hina nyeusi au piko kwenye kucha yaweza kuvuruga, rangi ya kucha vilevile, na vidole baridi. Acha kidole kimoja bila hina. Tena imeonekana kuwa vipimo hivi wakati mwingine husoma juu kuliko ukweli kwa wenye ngozi nyeusi, kwa hiyo mtazame mama mwenyewe: anavyovuta pumzi, kama anamaliza sentensi, kama midomo imebadilika rangi. Ukiona ameshindwa kuongea, mwamini yeye kuliko namba ya kipimo.

Sasa moto, na hapa nasema kwa msisitizo. Oksijeni yenyewe hailipuki, lakini hufanya kila kitu kiwake kwa kasi. Hujibanza kwenye shuka, kwenye nywele, kwenye dera, na hubaki humo muda hata baada ya kufunga. Hakuna sigara nyumba hiyo, hata ya mgeni. Mama asikaribie jiko la gesi wala la makaa; mita 3 ndiyo mpaka. Na chetezo! Najua nyumba zetu: Alhamisi jioni ubani, harusi udi. Chetezo kisiingie chumba hicho kabisa. Mama akipenda harufu, mpake marashi ya maji kwenye leso ya pembeni, udi ufukizwe nyumba nyingine. Kwake hata moshi wenyewe ni adui.

Pua itakauka. Msimpake vaselini wala mafuta ya nazi, tumieni jeli ya maji ya famasi. Chupa ya maji ya kutia oksijeni unyevu, kama mmepewa, ijazwe maji yaliyochemshwa yakapoa au ya famasi, yamwagwe na chupa ioshwe kila siku. Usiongeze juu ya ya jana. Maji ya mfereji wetu yana chumvi, yatakuharibia chupa.

BintiTudor
Shukran sana, nimesoma yote na kakangu kwa sauti. Kumbe ile ya bei rahisi naiondoa. Swali: stima ikipotea usiku? Na kwenda kliniki, kuna hizi mashine za begani za betri, zinafaa?

UmmuKisauni
Stima ikipotea mashine yalia, utaamka. Sisi tuna inveta, ile inayogeuza umeme wa betri uwe kama wa ukutani. Betri moja ya asidi ya 200Ah, volti 12, unatakiwa utumie kama nusu yake isife mapema, kwa hiyo ni saa 3 hivi kwa mashine ya lita 5. Stima ikichelewa kurudi zaidi ya hapo, mtungi.

KakaLikoni
Ndiyo maana nikasema mtungi una heshima yake. Nimekubali kwa saa 15 kila siku mashine inashinda, hesabu zenyewe zimesema. Lakini inveta nzuri na betri ni pesa nyingi, na betri huzeeka. Kwa mtu anayeanza, mtungi mmoja wa F uliojaa pembeni unampa usiku mzima, na hautegemei waya wowote. Huo ningeutanguliza kabla ya inveta.

Fundi_wa_Vifaa
Naungana na Kaka. Ukija kununua inveta, iwe ya mawimbi safi, zile za mawimbi ya ngazi huchosha mota ya mashine.

Za begani: nyingi hutoa oksijeni kwa mapigo, mgonjwa akivuta pumzi ndipo inatoka. Ile "2" yake si lita 2 kwa dakika. Akilala na kupumua kwa mdomo, inaweza isimhisi. Kwa safari ya kliniki huenda ikamfaa, lakini apimwe akiwa amevaa hiyo hiyo, tena akitembea, kabla hujalipa. Kwa sasa mtungi wa E utampeleka kliniki na kumrudisha.

BintiTudor
Basi tumeamua: tutakodi mashine ya lita 5 kwanza mwezi mmoja, ipimwe mbele yetu, na mtungi wa F wa akiba. Kununua baadaye, daktari akishamwona tena, huenda lita zikabadilika. Ya begani ingoje.

SistaMstaafu
Mmeamua vyema. Mtungi usimame wima, ufungwe kamba au mnyororo ukutani, usiwekwe mlangoni wala karibu na jiko. Regulata (kile kifaa cha juu ya mtungi kinachopunguza presha) isipakwe mafuta wala grisi hata ikikaza, na mikono iwe mikavu na safi. Fungua taratibu. Watu wawili wa nyumbani wajue kubadilisha kutoka mashine kwenda mtungi, na mmoja wao awe yule anayelala karibu na mama, hata kama ni mjukuu. Wafanye mazoezi mchana, kisha wajaribu tena taa zikiwa zimezimwa. Kila Ijumaa mmoja asome geji ya mtungi wa akiba, kwa sababu ukivuja kidogo kidogo hamtajua mpaka siku mnauhitaji. Na ufunguo wake ufungwe kwa kamba hapo hapo kwenye mtungi.