Naombeni ushauri: siku nne Pangani na mtoto mdogo

Wakuu habari zenu. Mimi na waifu tumepata likizo ya siku nne mwezi ujao, Zanzibar tushaichoka, ukikaa ufukweni dakika mbili tu washakuja kukuuzia shanga na kofia, sasa tunataka sehemu imetulia mtu unalala mpaka saa nne unaamka unasikia mawimbi tu. Nimeifikiria Pangani, kule Tanga. Nilipita zamani kikazi, nakumbuka tulivuka mto kwa pantoni kwenda Bweni, wavuvi wanapara samaki pembeni na mji kimyaa kama Ijumaa mchana.

Sasa swali, na mtoto wa miaka mitatu bora tulale mjini karibu na lile boma la Mjerumani au tuvuke twende Ushongo? Najua Ushongo ndo kwenye bichi ya maana ila sina gari, na bodaboda na mtoto na mabegi waifu hataki hata kusikia. Halafu kisiwa cha Maziwe, lile fungu la mchanga si linatokeza maji yakipwa tu, mtoto ataivumilia boti kweli? Bajeti laki sita hivi, msosi humohumo.