Kliniki ya presha zahanati: nani afanye nini?

Wakuu, zahanati yetu huku Mbagala ina tabibu mmoja na wauguzi wawili. Siku ya presha foleni inafika getini. Tugawane kazi vipi?

— Muuguzi apime kabla mgonjwa hajamwona tabibu. Mgonjwa akae kwanza dakika 5, mgongo umeegemea, miguu chini, mkono usawa wa moyo, asiongeleshwe. Apimwe mara 2. Akipimwa katoka tu kwenye daladala, presha inasoma juu na dozi inaongezwa bila sababu.

— Sawa, ila foleni inapunguzwa na kupanga vizuri tarehe za kurudi kliniki. Ambaye presha yake imetulia chini ya 140/90, hana malalamiko, apewe dawa za miezi 3. Kumwita kila mwezi ni kumchosha.

— Waliokosa tarehe je? Kadi zao zitengwe jioni ileile, mhudumu wa afya wa mtaa awafuate.