Saa inasema pumzi imeshuka, ni kweli?

Kocha_Nakuru: Wadau, hamjambo. Nanoa vijana wa mita 5,000 hapa Nakuru. Mmoja yuko Kisumu kwa shangazi yake, mazoezi hajaacha, lakini saa yake inadai VO2max, yaani kiwango cha juu cha oksijeni ambacho mwili unaweza kutumia, kimeshuka. Kule ni mita 1,130 hivi juu ya bahari, sisi tuko 1,850. Si kingepanda? Mapigo ya moyo ya kikosi kizima ninayo kwenye Excel, nataka kufunza modeli, yaani programu ya kompyuta inayojifunza kutoka kwenye data hiyo. Nianzie wapi?

Nyadunga: Kocha, anakimbia saa ngapi? Jua la huku ziwani si mchezo. Halafu VO2max hiyo saa haiipimi moja kwa moja. Inalinganisha kasi na mapigo, kisha inakisia. Joto likipandisha mapigo kwa kasi ileile, yenyewe inadhani kijana amelegea.

Takwimu_Kakamega: Ndivyo. Ongeza safu za joto, mwinuko na saa ya mazoezi kabla ya kugusa modeli yoyote. Ukiifunza, ficha data yote ya mkimbiaji mmoja, kisha ijaribu kwa data hiyo. Ukichanganya mistari ovyo, modeli itakariri moyo wa kila mtu na kukupa alama za bure. Rigresheni ya kawaida (hesabu ya jinsi kipimo kimoja kinavyobadilika na vingine) yatosha. Mitandao ya neva (modeli tata zinazotaka data nyingi) kwa vijana wachache ni mbwembwe tu. Na kwa kupima mapigo, mkanda wa kifuani ni bora kuliko saa ya mkononi, hasa kwenye mbio za vipindi (kasi, pumziko, kasi tena).

Kocha_Nakuru: Ahsanteni. Nimempigia: anakimbia saa sita mchana! Eti asubuhi shangazi humtuma Kibuye sokoni. Mkanda tunao mmoja, watapokezana.